Kiti Kilichokataa Kusogea Mbele

Habari tunayowasimulia leo ni ndogo. Inahusu swichi ya kiti cha gari, kitu kisichozidi kiganja cha mkono, na siku tatu ambazo sisi, watoto watatu wa nyumba moja, tulizitumia kuifungua, kuikosea, na kuifungua tena. Tunaisimulia kwa sababu ndani ya swichi ile tulikuta jambo ambalo tulikuwa tumelificha mwaka mzima, na kwa sababu mtu asiye na hatia alikuwa amelilipia.

Gari hilo Baba alilinunua likiwa limekwisha kutumika. Lilitoka Japani, na usukani wake uko upande wa kulia, kama yalivyo magari mengi ya mji wetu wa Bukavu, ingawa katika nchi yetu tunapita upande wa kulia wa barabara. Kiti cha dereva huendeshwa kwa umeme. Ubavuni mwake, karibu na mlango, mna vitufe viwili vya plastiki vilivyoundwa kwa mfano wa kiti chenyewe: kimoja kimelala, kimoja kimesimama. Ukikisukuma mbele kile kilicholala, kiti huteleza mbele. Ukikivuta nyuma, hurudi nyuma. Kile kilichosimama huinamisha mgongo wa kiti au kuuinua.

Baba ni mrefu sana, na Mama humfikia kifuani. Kwa hiyo kila mara walipobadilishana gari, kiti kilikuwa na safari yake. Mama alipoingia alikileta mbele, Baba alipoingia alikirudisha nyuma, na wote wawili walilalamika kwa kicheko. Sauti ile ya mota chini ya kiti, kama nyuki aliyefungiwa katika chupa, tuliizoea kama tulivyozoea sauti ya lango.

Asubuhi moja Baba alirudi kutoka kazini kabla ya wakati, akashuka garini akiwa ameshikilia mlango, naye hakuweza kutamka jina la Mama. Kilikuwa kiharusi. Tunamshukuru Mungu kwamba hakufa. Lakini mkono wake wa kuume na mguu wa kuume vilikuwa vimelegea, na maneno yalimjia polepole, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Madaktari walisema afanye mazoezi ya viungo mara mbili kila juma, Jumatatu na Alhamisi, na kwamba asikose, maana miezi ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi.

Nyumba yetu iko juu ya kilima. Taksi za abiria wengi haziipendi avenyu yetu, na pikipiki haiwezi kumbeba mtu ambaye hawezi kujishikilia. Ikabaki gari, na katika nyumba yote Mama peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuendesha. Alipokaa kwenye kiti cha dereva siku ya kwanza, akasukuma kitufe ili asogee mbele, kiti hakikusogea. Kilikaa pale pale ambapo mwili wa Baba ulikuwa umekiacha asubuhi ile ya ugonjwa. Mama akasukuma mara tatu, mara nne, kisha akaomba mto wa sebuleni, akauweka mgongoni, tukaenda.

Tulikwenda hivyo juma la kwanza na la pili. Siku ya Alhamisi ya juma la tatu, tukiwa tunateremka, mto ule uliteleza kuelekea ubavuni. Mama alirudi nyuma pamoja nao, na mguu wake ukaigusa breki kwa ncha ya vidole tu. Mbele yetu walikuwapo akina mama watatu wenye mizigo migongoni, kamba zikiwa vipajini. Mama alivuta breki ya mkono, gari likapinda na kuegemea ukingo wa mfereji. Hakuna aliyeumia. Wale akina mama walitutazama, wakapita. Mama alikaa kimya akiushika usukani, na Baba, aliyekaa kushoto kwake, alijaribu kusema neno, akashindwa. Wanaoijua Bukavu na miteremko yake inayoshuka kuelekea Ziwa Kivu wanaelewa kwamba pale breki si jambo la kufanyia mzaha.

Siku ya Jumamosi tukaamua kukitengeneza kiti. Na jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa kosa. Kiti kilikuwa kimebakiza kama vidole vinne kabla ya kufika mwisho wa reli zake. Mmoja wetu, akitaka kujua kama mota ingali hai, alikivuta kitufe nyuma. Mota ikalia vizuri kabisa, kiti kikateleza nyuma vile vidole vinne, kikagonga mwisho. Tukasukuma mbele: kimya. Sasa hata kwa mito miwili Mama asingeifikia breki. Na ilikuwa Jumamosi, na mazoezi yalikuwa Jumatatu asubuhi.

Tulimwendea fundi mmoja wa jirani. Alikuja, akainama, akasikiliza, akatoa mashauri mawili. La kwanza, kununua kiti kizima kilichotolewa katika gari jingine. Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na karo zetu za muhula. La pili lilikuwa rahisi. «Watoto,» akasema, «mimi nitakata hizi nyaya mbili za mota, nitazileta nje, na kila Mama akitaka kusogea mtazigusisha kwenye waya wa betri. Dakika tano tu.» Hatusemi kwamba alikuwa mtu mbaya, alitaka kutusaidia, na kwa hakika kiti kingesogea. Lakini mmoja wetu, anayesoma umeme katika shule ya ufundi, alikataa kwa adabu. Alitueleza baadaye kwamba volti 12 za gari haziwezi kumwua mtu kwa kumpiga, lakini betri ina nguvu ya kusukuma umeme mwingi sana kwa ghafula. Waya ulio uchi, usiopita katika fyuzi, ukiguswa na chuma cha kiti, huwa mwekundu kama mkaa, na chini yake kuna zulia. Tukamshukuru fundi, tukabaki na kiti chetu.

Ndipo tulipokaa chini kwanza tufikiri, jambo ambalo lingetupasa kulifanya kabla ya kugusa kitufe chochote.

Mota ya kiti ni mota ndogo ya umeme wa mkondo mmoja. Haina waya wa kwenda mbele na waya mwingine wa kurudi nyuma. Ina nyaya mbili tu. Umeme ukiingia kwa waya wa kwanza na kutokea kwa waya wa pili, mota huzunguka upande huu. Ukiingia kwa wa pili na kutokea kwa wa kwanza, huzunguka upande ule. Kazi yote ya swichi ni kubadilisha njia hiyo. Basi tukajiambia hivi: kiti kinarudi nyuma, kwa hiyo mota ni nzima. Kama mota inapata umeme, fyuzi ni nzima. Reli hazijakwama, maana kiti kimeteleza bila kusita. Kilichobaki ni swichi yenyewe, upande wake wa kwenda mbele. Ule utundu wetu wa kukivuta kiti nyuma ulikuwa umetudhuru, lakini pia ulikuwa umetufundisha hivyo.

Tulianza kazi alasiri. Kwa kuwa kiti kilikuwa kimekwenda nyuma kabisa, bolti za nyuma zinazokishikilia sakafuni zilikuwa zimefichwa chini yake, na haikuwezekana kukitoa kiti nje. Ilitupasa kufanya kazi pale pale, tumepiga magoti mlangoni. Kabla ya yote tulilegeza ncha hasi ya betri kwa spana ya 10, tukaitenga, tukangoja dakika kumi. Kungoja huko si ushirikina. Katika ubavu wa viti vya namna ile mnaweza kuwa na mfuko wa hewa, ule unaofumuka ajali inapotokea, na mtambo wake hubaki na umeme kwa muda baada ya betri kutengwa. Nyaya zake hupita katika viunganishi vya rangi ya njano. Hizo hatukuzigusa, wala hatukuzipima, na yeyote atakayefanya kazi hii asizichezee.

Kisha tulivichomoa vitufe viwili kwa kuvivuta moja kwa moja kuja kwetu, tukitumia bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze. Tukafungua skrubu za jalada la ubavuni, tukalibandua polepole maana vishikizo vyake vya plastiki vilikuwa vimekuwa vikavu kwa uzee. Nyuma yake ndipo ilipokuwa swichi, imeshikwa kwa skrubu nyingine mbili. Tulibonyeza kiulimi cha kiunganishi, tukaichomoa, tukaipeleka mezani, juu ya kitambaa cheupe. Kila hatua tuliipiga picha kwa simu, na ushauri huu tunawapa bila kusita, kwa sababu tulipoufungua mfuniko wa swichi, springi moja isiyozidi punje ya mchele iliruka, na tuliitafuta kwa tochi karibu saa nzima.

Ndani yake mlikuwa na ndimi ndogo za shaba zinazobembea juu ya vitako vyao. Na kila mahali, juu ya plastiki na juu ya shaba, kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia, wenye kunata. Mmoja wetu akanusa. Harufu ilikuwa hafifu sana, lakini tuliitambua sote watatu. Ilikuwa harufu ya chungwa la kutengenezwa, la vinywaji vitamu.

Vijana wapendwa, hapa ndipo inapotupasa kurudi nyuma.

Mwaka mmoja kabla ya siku ile, tulitoka katika harusi ya jamaa, Baba akasimama dukani kununua mkate. Sisi tulikuwa tunacheza garini. Mmoja wetu alihamia kiti cha mbele akiwa na chupa ya kinywaji, chupa ikaanguka kati ya kiti na mlango, ikamiminika yote juu ya vitufe. Tulipangusa haraka kwa kitambaa cha Mama. Tulijaribu kitufe, kikafanya kazi. Tukatazamana, tukaafikiana kwamba hakuna aliyeona. Ni nani aliyeiangusha chupa hatutamtaja, kwa sababu kuanzia dakika ile ya kuafikiana lilikuwa kosa la watatu.

Baada ya muda Baba alianza kubonyeza kitufe mara mbili kabla kiti hakijasogea, kisha mara tatu. Alidhani ni vumbi. Halafu akadhani jambo jingine. Katika avenyu yetu alikuwapo kijana aliyekuwa akija kila Jumamosi kuliosha gari kwa ndoo na sabuni, naye alilipwa kwa kazi hiyo. Baba alimwuliza kama alikuwa amemwaga maji juu ya kiti. Kijana alisema la. Baba akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kijana akasema tena la. Jumamosi iliyofuata Baba alimwambia asirudi. Sisi tulikuwa kibarazani, tunamenya mihogo pamoja na Mama. Tulisikia kila neno. Tuliendelea kumenya.

Kwa hiyo ile jioni ya Jumamosi, tukiinamia kitambaa cheupe, hatukuhitaji kuambiana kitu. Tuliendelea na kazi kwa ukimya ambao haukuwa ukimya wa kazi.

Tuliutafuta ulimi wa kwenda mbele, ule unaopeleka umeme mota inapotakiwa kukileta kiti mbele. Tuliusafisha kwa pamba na spiriti tuliyoinunua katika duka la dawa, kisha tukausugua kidogo kwa kifutio cha shuleni mpaka shaba ikang'aa. Hatukutumia msasa, maana msasa hula shaba na kuacha mikwaruzo ambayo umeme huiunguza tena. Tulirudisha springi, tukafunga mfuniko, tukachomeka kiunganishi, tukarudisha ncha ya betri. Usiku ulikuwa umekwisha kuingia. Tukasukuma kitufe mbele.

Kimya.

Tulisukuma tena na tena, kama alivyokuwa akifanya Baba. Mama alisimama mlangoni mwa nyumba akiwa na taa, hakuuliza chochote, akaturudisha ndani tukale. Usiku ule hatukulala vizuri. Ilionekana kwetu kwamba tulikuwa tumeisafisha sehemu ile ile iliyohitaji kusafishwa, na bado haikutosha.

Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, mdogo wetu wa kike, ambaye hajasoma umeme hata siku moja, aliuliza swali lililotuaibisha kwa urahisi wake: «Umeme ukiisha kuingia katika mota kwa upande huu, unatokea wapi?» Mwanafunzi wetu wa ufundi alifungua kinywa ajibu, akakifunga. Akachukua karatasi, akachora.

Tunajaribu kueleza alichochora, kwa kuwa ni vizuri kukielewa. Swichi ina ndimi mbili, mmoja kwa kila waya wa mota. Usipogusa kitufe, ndimi zote mbili hupumzika juu ya kitako cha chini, kile kilichounganishwa na mwili wa gari, na mwili wa gari ndio njia ya kurudi betrini. Unaposukuma mbele, ulimi wa kwanza huinuka na kugusa umeme wa betri. Ulimi wa pili haufanyi kitu: unabaki umepumzika palepale. Lakini ni kwa kupitia huo uliopumzika kwamba umeme unarudi. Kama haujagusana vyema na kitako chake, umeme unaingia katika mota na kukuta njia imefungwa, na mota haizunguki. Unapovuta nyuma, mambo hugeuka: ulimi wa pili huinuka, na wa kwanza hupumzika.

Maana yake ni kwamba safari ya mbele inategemea mahali pawili: kitako cha juu cha ulimi wa kwanza, na kitako cha chini cha ulimi wa pili. Sisi tulikuwa tumesafisha pa kwanza tu. Pa pili hatukupagusa, kwa sababu ulimi ule ulikuwa «wa nyuma», na nyuma kulikuwa kunafanya kazi. Tuliuhesabu kuwa mzima. Tulikwenda kuazima multimeta kwa mwalimu mmoja, tukaitenga betri tena, tukangoja tena zile dakika kumi, tukaichomoa swichi. Kati ya ulimi wa kwanza na njia ya mwili wa gari, kipimo kilionyesha karibu sifuri, yaani njia wazi kabisa. Kati ya ulimi wa pili na njia ile ile, hakikuonyesha muunganiko wowote. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Kinywaji kile kilikuwa kimetiririka na kutulia katika sehemu ya chini kabisa ya swichi, kikakauka chini ya ulimi uliokuwa umepumzika, kikawa kama gundi kati ya shaba na shaba.

Tuliifungua mara ya pili. Safari hii springi haikuturuka. Tulisafisha kila ulimi na kila kitako, juu na chini, hata vile vilivyoonekana kuwa vizuri, tukabadilisha pamba mpaka ikatoka nyeupe. Tukapima tena kabla ya kufunga, katika hali ya kupumzika, ya kusukuma na ya kuvuta, na kila njia ilikuwa wazi. Tukarudisha kila kitu mahali pake, tukifuata picha kutoka ya mwisho hadi ya kwanza. Tukaunganisha betri.

Hatukubonyeza kitufe. Tulimwita Mama.

Mama aliketi kwenye kiti kile, mbali sana na usukani, miguu yake ikining'inia karibu kama ya mtoto. Akasukuma mbele. Nyuki yule akalia chupani, na kiti kikamleta Mama mbele, taratibu, hadi mguu wake ukakanyaga breki mpaka mwisho na goti likabaki limekunjwa kidogo, kama ipasavyo. Akasimamisha hapo. Mwanafunzi wetu alipima kwa rula umbali kati ya kifua chake na kitovu cha usukani, maana mtu asikae karibu zaidi ya sentimita 25 kwa ajili ya mfuko wa hewa uliomo. Ilizidi. Mama alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akatuambia tuoge maana tulinuka spiriti.

Tungeweza kuishia hapo. Gari lilikuwa limepona, hakuna aliyekuwa akituuliza chochote, na Baba alikuwa mgonjwa. Mtu mwenye busara angesema kwamba si wakati wa kumsumbua mgonjwa kwa mambo ya mwaka uliopita. Hoja hiyo tuliitoa sisi wenyewe, tukaizungusha kati yetu watatu kwa muda, na ilikuwa hoja nzuri. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba kila mmoja wetu aliifurahia.

Wazee husema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli. Lakini tulikuwa tumetoka kuona kwa macho yetu kwamba kilichomwagika hakitoweki pia. Hutafuta mahali pa chini, hukauka, hungoja. Kilikuwa kimengoja mpaka siku ambayo Mama alihitaji breki na akina mama watatu walikuwa mbele yake na mizigo yao. Tulipofika hapo katika kusema, hoja yetu nzuri ikaisha.

Jioni ile tuliingia chumbani kwa Baba, tukasimama mbele ya kitanda chake kwa kufuata umri. Tulimweleza yote: chupa, kitambaa cha Mama, makubaliano yetu, utando wa kahawia, na kwamba tulimsikia siku ile akimfukuza yule kijana nasi tukaendelea kumenya mihogo. Baba alitusikiliza akitazama dari. Tulipomaliza, alikaa kimya muda mrefu. Tulidhani anatafuta neno la kutukemea, na kwamba halimjii. Hatimaye akauliza, neno moja moja:

«Betri... mlitenga... kwanza?»

Tukajibu, «Ndiyo, Baba.»

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafunga macho, nasi tukadhani ruhusa ya kuondoka imetolewa. Tulikuwa tumefika mlangoni alipotuita tena.

«Na yule... mtoto?»

Hatukuwa na jibu. Baba akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akauelekeza mlangoni. «Nendeni,» akasema. Kisha, baada ya kupumzika: «Semeni... na mimi.» Tulielewa kwamba hakutaka kusema «pamoja nami». Alitaka tumwambie kijana yule kwamba naye Baba ana kosa lake.

Jumatatu Mama alimpeleka Baba mazoezini bila mto. Alasiri yake sisi tulikwenda kumtafuta kijana. Haikuwa rahisi, maana alikuwa amehama avenyu yetu. Tulimkuta mahali pa kupakia mchanga, akijaza lori kwa sepetu pamoja na wenzake. Alituacha tungoje mpaka alipomaliza zamu. Tulimweleza mbele ya wenzake, kwa kuwa Baba alikuwa amemkaripia mbele ya watu. Tulimpa bahasha ambayo Mama alikuwa ameitayarisha, kiasi cha Jumamosi alizozikosa kadiri tulivyoweza kuhesabu, na tukampa ujumbe wa Baba.

Hakusema kwamba ametusamehe. Aliuliza Baba anaendeleaje, tukamweleza. Aliuliza mkono wake wa kuume unasogea kiasi gani, tukamwonyesha. Kisha akasema kwamba mwezi ule alipoacha kuosha gari letu, watu wengine wawili wa avenyu nao walimwachisha kazi, kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba anaharibu magari. Hilo hatukulijua. Tulimwomba atutajie nyumba zao, akasita, kisha akatutajia. Tulikwenda katika nyumba zote mbili jioni ile ile, tukasema tena maneno yale yale, na mara ya tatu hayakuwa mepesi kuliko ya kwanza.

Kijana yule hakurudi kuliosha gari letu. Ana kazi nyingine, na Jumamosi zake zimejaa. Sasa tunaliosha sisi. Lakini siku moja, miezi miwili baadaye, alipita kumwamkia Baba, wakakaa kibarazani. Baba alikuwa tayari anatembea kwa fimbo. Hatukusikiliza walichozungumza, ingawa tulikuwa karibu, na pengine safari hii tungekuwa na ruhusa ya kusikia.

Kiti kinaendelea kwenda mbele na kurudi nyuma. Baba bado hajaruhusiwa kuendesha. Mara kwa mara, gari likiwa limesimama uani, huketi kwenye kiti cha dereva, akakirudisha nyuma mpaka kinapofaa kwa miguu yake, akakaa kidogo. Mama akiondoka asubuhi hukileta mbele tena, akilalamika.

Kwa kujadiliana kikundini

1. Je, katika nyumba au kikundi chetu kuna kifaa kinachoharibika polepole nasi tunajua sababu yake, lakini hatusemi?

2. Ni nani aliyelaumiwa mbele yetu kwa kosa tulilolijua? Yuko wapi leo, na ni watu gani wengine waliosikia lawama hiyo?

3. Kabla ya kufungua kitu tusichokijua, ni hatua gani za usalama tunazoziruka kwa haraka, na ni nani kati yetu anayeweza kutufundisha?